Chemirocha: Maisha na Mageuko ya Jimmie Rodgers

Utangulizi

Visasili vya Wagiriki wa kale vimejaa viumbe waliobadilika maumbo. Daphne alimkimbia Apollo hadi akageuka mti. Syrinx alimkimbia Pan, mungu mwenye miguu ya mbuzi, akageuka matete kando ya mto. Echo naye alikondeshwa na mapenzi hadi mwili ukamwishia, mifupa ikawa mawe, ikabaki sauti peke yake ikizunguka milimani. Hawa waliitwa nimfa, yaani mabinti wenye asili ya kiungu waliokaa katika chemchemi, mito, misitu na milima. Mwanafunzi wa fasihi huzoea kuvisoma visa hivi kama mambo ya mbali, mbali kwa mahali na mbali zaidi kwa wakati.

Hata hivyo, mageuko ya aina hiyo yaliwahi kuimbwa Kapkatet, kwenye barabara itokayo Kericho kuelekea Sotik na Bomet, katikati ya karne ya 20. Aliyegeuzwa alikuwa mtu wa nyama na damu, ambaye tarehe zake za kuoa, kurekodi nyimbo na kufa zinajulikana barabara. Mtu huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Kwa Wakipsigis jina lake lilikuwa Chemirocha, na katika wimbo wa wasichana akawa nusu mtu, nusu swara.

Makala haya yanasimulia maisha mawili ya mtu huyo: yale aliyoyaishi mwenyewe baina ya mwaka 1897 na 1933, na yale aliyopewa na waimbaji wa Kipsigis baada ya kufa kwake. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ughaibuni kama kichekesho kuhusu watu waliosikia gramafoni wakadhani wamesikia mungu. Makala haya yanashikilia kuwa usomaji huo unawadhulumu watunzi wa Kapkatet, na kwamba maisha ya Rodgers yenyewe yanatusaidia kuona kwa nini.

Mtoto wa reli

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897. Mji aliouita nyumbani ni Meridian, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua waliotengeneza njia ya reli, kazi iliyomhamisha mara kwa mara. Mama yake alifariki Jimmie angali mtoto mdogo, na kijana huyo akalelewa kwa jamaa huyu na yule, bila makao ya kudumu. Shule haikumshika. Kilichomvutia zaidi kilikuwa kumbi za maonyesho na vinyozi wa mjini, ambako watu walikutana, wakapiga soga na kuimba.

Alipokuwa na umri wa takribani miaka 13, alishinda shindano la waimbaji, akatoroka nyumbani kwa kuandamana na kikundi cha wauza dawa waliozunguka wakitumbuiza watu ili wanunue. Baba yake alimrejesha, akamtia kazini relini. Jimmie alianza kwa kuwachotea maji vibarua, wengi wao wakiwa Wamarekani Weusi ambao waliimba walipokuwa wakiinua na kupanga vyuma vya reli. Kwa mtoto yule, njia ya reli ilikuwa darasa. Mwendo wa nyimbo za kazi, uchezaji wa banjo na gitaa, na huzuni ya muziki wa bluzi viliingia masikioni mwake kabla hajawaza kuwa msanii.

Baadaye akawa mshika breki wa garimoshi. Kazi hiyo ilihusu kuunganisha na kuachanisha mabehewa na kusimamia breki katika safari za usiku na mchana, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Haikuwa ya hakika, kwani vibarua waliajiriwa shehena ilipokuwa nyingi na kuachishwa ilipopungua. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika. Walijaliwa mabinti wawili. Wa pili alikufa mwaka 1923 kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wakati baba yake yuko safarini akitafuta riziki.

Mwaka uliofuata, 1924, Rodgers alitapika damu. Madaktari walimwambia kuwa ana kifua kikuu. Wakati huo dawa za kuua viini vya ugonjwa huo zilikuwa bado hazijapatikana, na wagonjwa walishauriwa kupumzika na kutafuta hewa kavu. Rodgers hakuwa na mali ya kumwezesha kupumzika. Mapafu yalimfungia mlango wa kazi ya reli, naye akaamua kuishi kwa kutumia mapafu hayo hayo. Akawa mwimbaji.

Sauti iliyonaswa

Mwaka 1927 Rodgers alikuwa akiimba katika kituo cha redio mjini Asheville, North Carolina, pamoja na kikundi cha vijana watatu. Walipopata habari kwamba Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor angerekodi waimbaji mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, walifunga safari. Kabla ya kurekodi, kikundi kikagombana na kutengana. Kwa hiyo tarehe 4 Agosti 1927 Rodgers alisimama mbele ya kipaza sauti peke yake na gitaa lake, akaimba nyimbo mbili. Siku chache kabla yake, katika chumba hicho hicho, Peer alikuwa amewarekodi Carter Family. Wanahistoria wengi wa muziki wa kantri huuona mkutano huo wa Bristol kuwa ndio uliouzaa muziki huo kama biashara.

Novemba ya mwaka huo alirekodi huko Camden, New Jersey, wimbo wa kwanza katika mfululizo ulioitwa Blue Yodel. Ndani yake aliunganisha mambo mawili. Shairi lilifuata muundo wa bluzi aliojifunza kwa vibarua Weusi, na mwishoni mwa beti sauti yake iliruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kichwani, ikashuka na kuruka tena bila maneno. Uimbaji huo wa kuruka sauti huitwa yodeli, na asili yake iliyo mashuhuri zaidi ni milima ya Alps barani Ulaya, ambako wachungaji waliitana kutoka ng'ambo moja ya bonde hadi nyingine. Santuri hiyo ilipotolewa mwaka 1928 iliuzwa kwa wingi mno, na Rodgers akawa tajiri katika muda wa miezi michache.

Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa ajili ya kampuni ya HMV. Alama ya HMV na ya Victor ilikuwa moja: mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya gramafoni. Binti wa mfinyanzi kutoka Fumba na mshika breki kutoka Meridian hawakujuana, lakini sauti zao ziliingia duniani kwa mlango mmoja. Kabla ya santuri, msikilizaji alimwona fanani, akamjua kwao na akaweza kumtuza au kumzomea. Baada ya santuri, ikawezekana sauti ikasafiri bila mwili. Msomaji wa Wasifu wa Siti Binti Saad, kazi ya Shaaban Robert, anakumbuka jinsi jina la Siti lilivyoenea hadi kwa watu ambao hawakumtia machoni. Kwa Rodgers jambo hilo lilikwenda mbali zaidi.

Hata nyumbani kwao, watu walimjua kwa mavazi zaidi ya kumjua kwa nafsi. Katika filamu fupi iliyotengenezwa mwaka 1929, alivaa kofia na nguo za kazi za relini, akaitwa Mshika Breki Mwimbaji, ingawa kazi hiyo alikuwa ameshaiacha. Katika picha nyingine alikuwa mchunga ng'ombe wa Texas, na katika nyingine tena bwana wa mjini mwenye suti na kofia ya majani. Mashabiki walimpenda katika kila umbo. Ni dhahiri kwamba mageuko ya Rodgers yalianza kabla jina lake halijafika Kericho, na aliyeyaanzisha ni yeye mwenyewe.

Tarehe 16 Julai 1930, huko Los Angeles, alirekodi Blue Yodel ya tisa akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya Lil Hardin Armstrong. Wanamuziki hao wawili walikuwa Weusi, na majina yao hayakuandikwa kwenye santuri hiyo. Ukweli huo una uzito katika kisa hiki. Rodgers alijenga sanaa yake kwa mali ya watu wengi, na wengi wao hawakutajwa. Alichukua, akachanganya, akageuza. Waliomsikia barani Afrika nao walimfanyia vivyo hivyo.

Mwili unaokwisha

Mwaka 1929 alijenga jumba la fahari mjini Kerrville, Texas, mji uliosifika kwa hewa inayowafaa wagonjwa wa kifua. Hakukaa humo kwa utulivu. Alizunguka akitumbuiza, na mwanzoni mwa mwaka 1931 alisafiri na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha fedha za kuwasaidia walioathiriwa na ukame na hali ngumu ya uchumi. Gharama za matibabu na matumizi yake makubwa vilimwelemea, na hatimaye jumba lile likauzwa. Ugonjwa wenyewe aliufanya kuwa wimbo. Mwaka 1931 alirekodi bluzi kuhusu kifua kikuu, akiimba waziwazi habari za maradhi ambayo watu wengi waliyaficha kama aibu.

Mei 1933 alikwenda New York kurekodi kwa mara ya mwisho. Alihitaji fedha kwa ajili ya familia yake na alijua kuwa siku zake zimehesabiwa. Katika chumba cha kurekodia aliwekewa kitanda kidogo, akawa anaimba wimbo mmoja, anajilaza, kisha anainuka kuimba mwingine. Tarehe 24 Mei alimaliza. Tarehe 26 Mei 1933 alifariki katika hoteli ya Taft mjini humo, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa garimoshi. Katika muda usiotimia miaka sita alikuwa ameacha nyimbo zaidi ya 100.

Msomaji wa visasili atakuwa amekwisha kumkumbuka Echo. Katika usimulizi wa mshairi wa Kirumi Ovid, ambaye alikusanya visa vingi vya mageuko vya Wagiriki, nimfa huyo hukonda kidogo kidogo hadi kikabaki kile kisichoweza kukonda, yaani sauti. Rodgers naye alikondeshwa na maradhi mbele ya kipaza sauti, na kila wimbo ulioingia kwenye santuri ulikuwa sehemu yake iliyookolewa na kifo. Tofauti ni kwamba sauti ya Echo ilibaki milimani kwao. Sauti ya Rodgers ilipanda meli.

Kutoka Jimmie hadi Chemirocha

Santuri za Rodgers ziliuzwa Uingereza, Australia, India na sehemu nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza. Nchi ya Wakipsigis nayo ilikuwa imeunganishwa na dunia hiyo kwa nguvu. Reli ya kwenda Kisumu ilifika ziwani mwaka 1901 baada ya kupitia kituo cha Lumbwa, kinachoitwa leo Kipkelion. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kilimo kikubwa cha majani chai Kericho, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake nzuri ilitwaliwa kutoka kwa wenyeji. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria. Walowezi na wamishonari walikuja na gramafoni zao, na masimulizi mengi ya Chemirocha huanzia hapo: mashine inayozungushwa kwa mkono, na ndani yake mtu anayeimba asiyeonekana.

Jina lilitoholewa kwa kufuata kanuni za lugha pokezi. Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hakina fonimu ya pekee iliyo sawa na j ya Kiswahili, kwa hiyo sauti hiyo huangukia kwenye ch. Jimmie akawa Chemi, Rodgers akawa Rocha, na majina mawili yakashikana kuwa moja. Matokeo yake yalisikika kama neno la nyumbani. Majina mengi ya wanawake wa Kipsigis huanza kwa Che au Chep, kama Chebet, Chelangat na Chepkoech. Ala ya nyuzi ya jamii hiyo, inayokaribiana na nyatiti ya Wajaluo, huitwa chepkong'o. Hata zimwi wa ngano za Kikalenjin, kiumbe mwenye mguu mmoja aliye nusu mtu na nusu ndege, huitwa Chemosi. Mgeni huyo alipewa jina ambalo sikio la Mkipsigis lilikuwa tayari kulipokea, na jina hilo lilikaa karibu na viumbe ambao miili yao haijakamilika kuwa ya binadamu.

Mwaka 1950, mwaka ambao Siti binti Saad alifariki Zanzibar, Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Tracey alikuwa Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini mwaka 1921, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika. Hapo Kapkatet alirekodi nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliongozwa na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana wenzake, huku chepkong'o ikipigwa. Ni fupi, haizidi dakika chache, na ndiyo iliyopata sifa kubwa kuliko rekodi nyingine nyingi za Tracey.

Kwa mujibu wa maelezo yaliyoandikwa pamoja na rekodi hiyo, Chemirocha ni mwimbaji na mchezaji wa ajabu mwenye miguu ya swara, nusu mtu na nusu mnyama. Wasichana wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka ambayo kila Mkipsigis anaijua, aruke kwa nguvu hadi nguo zimvuke. Rodgers alikuwa amelala kaburini kwa miaka 17, na hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika.

Wasichana wa Kapkatet na nimfa wa Wagiriki

Kiumbe mwenye miguu ya mnyama, muziki, na kundi la wasichana: mambo haya matatu ndiyo yanayomfanya msomaji wa Magharibi amtaje Pan mara moja. Ulinganisho huo unafaa, ila usiishie kwenye kwato. Katika kisa cha Wagiriki, Pan anamwandama Syrinx, na Syrinx anakimbia hadi mtoni. Hana nguvu ya kumzuia anayemfuata, anaomba msaada, anageuzwa matete. Pan anayakata matete hayo na kutengeneza filimbi, kisha sauti ya binti inakuwa mali ya yule aliyemfukuza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Daphne pia, ambaye majani yake yaligeuzwa taji la Apollo. Katika visa hivi mwanamke ndiye anayebadilika umbo, na mwanamume ndiye anayebaki na ala.

Kapkatet mambo yamepinduliwa. Wasichana hawakimbii wala hawageuki. Wao ndio wenye ala, wenye sauti na wenye amri, na anayebadilika ni mwanamume mgeni. Wanamwita uwanjani, wanamwekea masharti ya mchezo wao, wanamtaka aruke mpaka avuke nguo. Nguvu ya kugeuza, ambayo kwa Wagiriki ilikuwa ya miungu, hapa imo mikononi mwa wasichana wa kijiji.

Ni vyema kuuweka wimbo huo katika mazingira yake. Mzungu aliyejulikana Kericho mwaka 1950 alikuwa mwenye shamba la chai, afisa wa serikali au mhubiri. Alivaa suruali na viatu, alitoa amri, na hakuwa mtu wa kuambiwa na wasichana arukeruke. Sauti ya kizungu itokayo kwenye gramafoni, iliyopaa na kuvunjika kama ya mnyama anayeruka bondeni, iliwapa fanani wa Kapkatet nafasi ambayo maisha ya kila siku hayakuwapa: Mzungu asiye na mwili, hivyo asiye na mamlaka. Wao wakampa mwili waliotaka. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hashangazwi na jambo hili. Utani, kejeli na tashihisi ni nyenzo za kawaida za nyimbo za vijana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na hakuna anayedai kwamba aliyemwimba mwenzake kuwa simba aliamini kuwa mwenzake ana manyoya.

Jamii za eneo hilo zilikuwa na mifano mingi ya mtu kugeuka. Kwa majirani zao Wajaluo, shujaa Luanda Magere, ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini, alichomwa mkuki kivulini kwa siri iliyotolewa na mkewe aliyetoka kwa Walang'o, yaani Wakalenjin, akageuka jiwe. Katika pwani, Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, akabaki amepiga goti na upinde wake hata watu wakaogopa kumkaribia kwa kudhani yu hai. Mighani hii huanza na mtu na kumwongezea yale ambayo jamii inataka kuyasema kuhusu nguvu, usaliti na kifo. Chemirocha ni mghani wa aina hiyo, ila umefupishwa ukawa wimbo wa ngoma, na shujaa wake ameletwa na biashara ya santuri badala ya vita.

Kwa hiyo kisa cha watu walioshangazwa na gramafoni wakaabudu sauti hakina ushahidi katika wimbo wenyewe. Anayeabudiwa haambiwi avue nguo kwa kuruka. Tena Rodgers mwenyewe alifanya jambo lile lile kwa nyimbo za vibarua wa Mississippi na kwa yodeli ya milima ya Ulaya, na huko kwao aliitwa msanii mkubwa. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Ikiwa kuchukua sauti ya mgeni na kuipa umbo jipya ni kipaji kwa mwanamume wa Meridian, haiwezi kuwa ujinga kwa msichana wa Kapkatet.

Hitimisho

Katikati ya miaka ya 2010, maktaba aliyoianzisha Tracey, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na wenzao kurudisha nakala za rekodi za Kipsigis kwa jamii zilikotoka. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1950 walisikia tena nyimbo zilizokuwa zimeuzwa na kusifiwa ng'ambo kwa miongo mingi bila wao kuwa nazo. Tendo hilo lilirudisha haki kidogo. Kazi kubwa zaidi bado inawangoja wasomi.

Kwanza, tafsiri inayotegemewa na karibu kila anayeandika kuhusu Chemirocha ni maelezo mafupi ya mgeni aliyepita. Maneno ya Kikipsigis ya nyimbo zote tatu yanastahili kunukuliwa kikamilifu na kutafsiriwa kwa Kiswahili na watu wanaoijua lugha hiyo tangu utotoni, ili nyimbo za wanaume zisomwe sambamba na wa wasichana. Pili, walioshuhudia siku ile wanazidi kupungua, na kumbukumbu zao kuhusu utani, ngoma na gramafoni haziwezi kupatikana katika santuri. Tatu, vitabu vya fasihi simulizi vinavyotumiwa shuleni na vyuoni vimezoea kuchukua mifano ya visasili na mighani kutoka zamani zisizo na tarehe. Chemirocha ana tarehe. Anaonyesha kuwa utungaji wa visasili ulikuwa bado hai katika nchi ya majani chai mwaka 1950, na kwamba watunzi wake walikuwa vijana wa kike.

Maisha ya Jimmie Rodgers yameandikwa mara nyingi huko kwao, tangu mkewe Carrie alipochapisha wasifu wake mwaka 1935. Maisha ya Chemutoi Ketienya, aliyempa Rodgers miguu ya swara na kumwita uwanjani acheze, hayana kitabu.